Komeo la Nje

Nimetengeneza milango mingi kuliko ninavyoweza kuikumbuka, na sasa mgongo unaikumbuka kwa niaba yangu. Nikipita mtaa wa Nsemulwa naiona bado imesimama kwenye nyumba ambazo zenyewe zimeanza kuinama. Mninga hauna haraka ya kufa. Mlango mmoja tu sikuwahi kuupachika kwenye ukuta wowote, na huo ndio ulionichosha kuliko yote niliyowahi kuitengeneza.

Tangu mwishoni mwa miaka ya themanini karakana yangu ilikuwa banda la mabati kando ya barabara inayoshuka kwenda stesheni. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, aliyevuka mpaka na watu wa kijijini kwao akiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu. Akichonga ulimi wa mbao ukaingia tundu lake, huhitaji gundi, ingawa tulitia kwa ajili ya kumridhisha mteja. Mdomo wake nao ulikuwa umetulia hivyo hivyo. Miaka sita tulikula ugali na dagaa wa ziwani wa Ikola kwenye bakuli moja, na nilichojua juu yake ni kwamba hataki pilipili, na kwamba kila Ijumaa jioni anakagua kibali chake cha kutoka makazini kwenye mfuko wa shati, anapanda baiskeli, anarudi kwa mkewe.

Ufundi nilifundishwa na mzee wa Kikonongo, mkali, mpenda wanzuki, pombe ya asali, kuliko chakula, aliyenipiga kwa mpini wa randa zaidi ya mara moja. Sina hamu ya kumsifu. Lakini aliniachia desturi ambayo sikuivunja. Mlango wa nyumba haukabidhiwi kwa mkono. Ukishapachikwa, mwenye nyumba anaingia ndani peke yake, anatia komeo, na fundi anabaki nje anasukuma. Mlango ukikataa, vizuri. Kisha mwenye nyumba anafungua mwenyewe, anatoka, na kuanzia hapo mlango ni wake. Ukipinda, shauri yake. Mzee alikuwa akisema nyumba hufungwa na aliye ndani, na kinachofungwa na aliye nje ni zizi. Kwa hiyo mlango wa banda la mbuzi niliuwekea komeo nje, na mlango wa watu niliuwekea komeo ndani. Aliyetaka kufuli la kufungia akisafiri alikwenda kulipachika mwenyewe. Watu walilalamika, na mimi niliwaambia waende kwa fundi mwingine.

Mwishoni mwa mwaka tisini na tatu, mvua zikiwa zimeanza kuchezea barabara, alikuja mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la vyombo na chumvi karibu na soko. Nasema wa Kihindi kwa sababu ndivyo tulivyosema. Yeye alizaliwa Tabora, Mwislamu, na akikasirika alitukana kwa Kinyamwezi safi, mpaka Wasukuma waliokuja kununua chumvi ya ng'ombe wakashika mbavu. Siku hiyo hakutukana mtu. Aliketi kwenye benchi langu bila kufuta vumbi la mbao, akatoa bahasha.

"Fundi, unajua kusoma picha?"

"Picha inasomwa, mama?"

"Hizi zinasomwa."

Zilikuwa nne. Ya kwanza ilionyesha vyungu vya kupikia vimepangwa sakafuni, vyote vimevunjwa mdomo. Ya pili, safu ya kandambili zilizofinyangwa kwa kitu cha rangi ya majivu, kubwa na ndogo, zote zimeelekea upande mmoja. Mbili za mwisho zilikuwa za mlango mmoja, uliosimama katikati ya chumba kikubwa cheupe bila ukuta wala nyumba, umepigwa picha mbele na nyuma.

"Hizi ni sanamu," alisema. "Kazi ya mtoto wa kaka yangu."

Nilicheka. Nisamehewe, nilikuwa nimechoka na nilidhani ananitania. Sanamu niliyoijua mimi ilikuwa mtu wa mpingo mwenye tumbo na masikio, wanayouziwa wageni. "Sanamu gani hii isiyo na mtu, mama?"

"Mtu ni wewe unayeitazama."

Asiyejua maana haambiwi maana, nikajisemea. Ndipo akaniambia. Kaka yake mkubwa aliondoka Tabora miaka ya sitini akaenda India kuoa, akabaki huko. Aliishi miaka ishirini kwenye mtaa wa watu wa dini mbili. Waliazimana sukari, walipelekeana vyakula vya sikukuu. Kisha ugomvi wa dini ukawaka nchini kwao, ukafika mjini kwake, ukafika mtaani kwake. Kaka na wifi yake walikuwa ndani ya nyumba ilipoungua. Binti yao alipona kwa sababu alikuwa mji mwingine, akifundisha uchongaji chuoni.

Mjane alifungua barua akanisomea vipande, akitafsiri taratibu. Binti aliandika kwamba wachongaji wenzake wengi walikuwa wakichonga mizoga na vichwa vilivyokatwa, na yeye hakuweza. Magazeti yalikuwa yamejaa miili ya watu. Msomaji anaitazama, anakunja gazeti, kesho yake linafungiwa karanga. Mwili wa mtu wa dini nyingine haumuumizi kichwa. Lakini kila mtu ana chungu, kila mtu ana kandambili, na kila mtu ana mlango. Kwa hiyo alichonga vitu ambavyo hakuna anayeweza kusema si vyake.

Mjane aliruka mahali fulani kwenye barua. Niliona kidole chake kikipita mistari miwili bila kusoma. 

"Nataka huu," alisema, akiweka kidole kwenye mlango. "Kwa mninga. Hakuna kaburi, fundi. Waliokota majivu, hawakujua lipi lilikuwa paa na lipi alikuwa mtu. Hitima ya mwaka inakuja. Watu watakuja kwangu watasoma, watakula, wataondoka. Mimi nitakwenda kusimama wapi?"

 Nilimwambia mlango utakuwa tayari.

"Ufanane na picha. Usiongeze, usipunguze. Huko sitafika kamwe, miguu yenyewe hii. Nipe mlango wake."

Mbao nilizipata kwa wapasua magogo wa msitu wa Ugalla, mninga uliokauka vizuri, mwekundu wa asali. Mwenzangu alichonga ndimi, mimi nilichonga maua. Maana upande wa mbele wa mlango ule ulikuwa na maua, yamezungushwa kwa mikono ya mtu asiyeharakishwa, na juu yake rangi ya kijani iliyong'aa. Hapakuwa na doa. Upande wa nyuma ulikuwa mweusi, umeungua mpaka ubao umepasuka kama udongo wa Agosti. Na komeo, moja tu, lilikuwa mbele, kwenye maua.

Hapo nilisimama. Niliitazama picha nikaigeuza, nikaitazama tena. Mbele safi, nyuma imeungua. Moto gani huu unaokula ndani na kuacha nje? Na komeo la mbuzi linafanya nini kwenye mlango wa watu? Nilimwonea huruma yule binti. Nilisema moyoni, msomi wa chuo huyu, anajua sanamu, hajui milango. Au mpiga picha amechanganya. Nikafanya ambalo nimelifanya maisha yangu yote: nikasahihisha. Komeo nikalipachika nyuma, upande wa ndani, kwa skrubu nne, nikalipaka grisi mpaka likawa linateleza kwa kidole kimoja. Nakumbuka nilijipongeza.

Likabaki suala la kuunguza. Kuna watu watasema mbao ni mbao, lakini kuuchoma mninga mzuri hivyo kuliniuma, nisifiche. Niliulaza mlango juu ya matofali uani, upande wa nyuma chini, komeo nimelifungua kwa muda, nikasogeza makaa na nyasi kavu chini yake, na gunia lililolowa maji tayari pembeni. Nikamwita mwenzangu ashike upande wa pili. Hakuja. Nilipoinua kichwa nilimwona anavuka barabara, bado ameshika patasi, akaenda kusimama mbali kwenye mwembe wa watu, amenipa mgongo.

Niliudhika. Nilifanya kazi ya watu wawili, moshi ukanijaa macho, na nilitukana kwa sauti. Siku hizo redio ilikuwa inataja mauaji ya Burundi kila saa, wakimbizi wapya wanavuka kuingia Kigoma, na mimi nilikuwa nimezoea kuisikia kama ninavyozoea kelele ya randa. Sikuunganisha mambo. Nasema hivi kwa aibu.

Aliporudi moto ulikuwa umezimwa, komeo nimelirudisha na mlango umeegemezwa ukutani, unatoa mvuke. Aliutazama upande mweusi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, alichukua zile picha kutoka msumarini akaziangalia moja moja.

"Kaka, komeo umeliweka wapi?"

"Ndani. Hao wamekosea."

"Hawajakosea."

"Mlango wa watu unafungwa na aliye ndani."

"Unafungwa na yeyote," alisema. Akazirudisha picha msumarini, akazinyoosha. "Kwetu lilikuwa gogo. Waliokuja na moto hawakukuta komeo, wakaweka gogo. Mimi nilikuwa nimekwenda na mbuzi."

Halafu akachukua randa akarudi kwenye kitanda cha mteja mwingine.  Maranda yalimdondokea miguuni, marefu, hayakukatika hata mara moja.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda pale pale nikaling'oa lile komeo. Sikwenda. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kukaa na jambo hilo miaka sita kwenye bakuli letu moja, nikamkasirikia binti wa India, nikamkasirikia mzee wangu wa Kikonongo kwa kunidanganya kwamba kuna milango ya namna mbili tu. Nilijiambia mimi ni fundi, na karakana yangu haitoi zizi la watu. Nikafunga banda nikaenda nyumbani.

Asubuhi mjane alikuwa ameshafika kabla yangu. Mwenzangu alikuwa amemfungulia na kumpa kiti, lakini hakukaa. Alikuwa amesimama upande mweusi wa mlango, kidole kwenye komeo. Alilisogeza. Likateleza. Akalirudisha, akalisogeza tena. Sijui alifanya hivyo mara ngapi. Tulisimama kama wanafunzi waliochelewa.

"Linafunguka," alisema.

"Nimelipaka grisi, mama."

"Kwa nini umeliweka huku?"

Nilianza kumweleza habari za mzee wangu na za mazizi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upumbavu wangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Kuna mahali niliparuka kwenye barua. Uliona nilivyoruka?"

"Niliona."

"Komeo lile la nje ni la kufungia wakienda safari. Jirani ndiye aliyeachiwa nyumba kila wakisafiri, awatilie ndege maji. Alijua linavyokwenda, lina kigugumizi, lazima ulinyanyue kidogo ndipo liingie. Siku ile lilinyanyuliwa." Alivuta pumzi. "La ndani lilikuwepo. Walilifungua, halikusaidia kitu, ndiyo maana mtoto hakulichonga."

Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Msemo huu nilikuwa nimeuchonga mwenyewe, kwa oda, juu ya mlango wa mtu pale Nsemulwa. 

Alilisogeza lile komeo mara moja ya mwisho. "Uongo mzuri huu, fundi. Umeniwazia wema na nimekaa nao kidogo. Sasa utoe."

Nililing'oa. Nililipachika mbele, juu ya maua ya kijani, na nikalichubua kidogo kwa tupa ili liwe na kigugumizi. Mjane hakuniomba hilo, lakini alikuwa amekitaja kigugumizi hicho, na usiongeze usipunguze ni neno la kweli. Upande wa nyuma yalibaki matundu manne ya skrubu kwenye ule weusi. Nilikoroga gundi na unga wa mbao niyazibe. Mwenzangu akachukua kopo mkononi mwangu akaliweka chini ya benchi.

"Acha," alisema.

Nilikuwa nimechoka mno kubishana. Tuliyaacha.

Tuliusimamisha uani nyuma ya duka lake, miimo miwili imechimbiwa chini, kizingiti kimelala juu ya mawe, kulia na kushoto hakuna kitu ila kamba ya nguo na mti wa mpapai. Jirani wa nyuma alichungulia akauliza kama hicho ni choo, na kama ni choo kwa nini kianze na mlango. Mjane alimjibu kwa Kinyamwezi, na yule jirani akajificha. Kuku walijifunza upesi kupita pembeni.

Siku ya hitima watu walisoma, wakala pilau, wakasema maneno ya kufariji, wakaaga kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika. Wachache waliutazama mlango. Mmoja aliyagusa maua akasema kazi nzuri. Hakuna aliyezunguka nyuma isipokuwa mama mmoja wa sokoni, naye alirudi mbele akakaa chini bila mkeka. Mjane hakumweleza chochote. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba kuna kazi ambayo ukiieleza unaipunguza.

Tulipobaki watatu alituita. "Hujanikabidhi," aliniambia.

"Mama, huu haukabidhiki. Ndani yake ni wapi?"

"Desturi ni desturi. Si ndivyo ulivyonihubiria?"

Akakaza ushungi wake, akapita katikati ya miimo, akasimama upande ule mweusi. Tuliiona kanga yake pembeni, tuliona na viatu vyake. Angeweza kuzunguka mpapai akatoka, hatua tatu tu. Hakuzunguka.

"Funga, fundi."

Nilirudishia mlango. Mkono wangu ukaenda kwenye komeo, nikalinyanyua kidogo, kama inavyotakiwa, likaingia. Mlio wake ulikuwa mdogo. Mwenzangu alikuwa kushoto kwangu, amevua kofia.   Nilikuwa nje ya mlango niliouchonga mwenyewe, na aliye ndani hana la kufanya, na siku hiyo ndipo nilipojua uzito wa kusimama mahali pale. Si mzito. Hilo ndilo lililoniogopesha. Kilikuwa kitu chepesi kabisa, ningeweza kuondoka nikaenda kunywa chai.

Kisha akagonga kwa kiganja, mara mbili, polepole.

Nilikimbilia komeo kana kwamba kuna moto kweli. Likakwama kwa kile kigugumizi nilichokitia mwenyewe, vidole vyangu vikateleza. Mwenzangu akaweka mkono wake juu ya wangu, tukalinyanyua pamoja, likatoka. Mlango ukafunguka.

Mjane alivuka kizingiti taratibu, akishika mwimo kwa sababu ya magoti yake. Alitutazama, mimi kwanza, kisha mwenzangu, na huyo alimtazama zaidi. Macho yake yalikuwa makavu, yangu hayakuwa.

"Mmeona?" alisema. "Kufungua hakujachukua hata dakika."